Mikono Yangu, Sauti ya Mjomba

Machi 2

Mvua imeanza leo asubuhi, tena kwa kishindo, na muda si muda Bi Ufunguo alikuwa ameshatega beseni chini ya dirisha la chumba cha matibabu. Akaniambia, “Usilisogeze.” Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya wiki nzima.

Naanza kuandika kwa sababu nimebakiza msimu mmoja tu. Nimehitimu utabibu wa meno, nina leseni ya muda, na Baraza la wataalamu wa meno halitanipa leseni kamili mpaka nimalize mwaka chini ya daktari atakayetia sahihi kwamba ninafaa. Daktari wangu ni mjomba wangu, kaka yake Mama. Nyumbani namwita Mjomba, kazini namwita Daktari, na siku nikichanganya hunitazama juu ya miwani mpaka nijirekebishe. Kliniki ni yake: vyumba viwili ghorofani juu ya duka la vitambaa, kiti kimoja cha wagonjwa, mashine ya eksirei inayonguruma kama ina kinyongo, na Bi Ufunguo, muuguzi aliyeanza naye kazi kabla mimi sijazaliwa, ambaye funguo zote za pale huning'inia shingoni mwake.

Leo Daktari amenipa sindano ya ganzi nimchome mgonjwa wake. Si jambo kubwa, sindano ninaruhusiwa. Ila hajawahi kunipa mgonjwa wake.

Machi 5

Kuziba, kusafisha, kuziba. Mtoto mmoja kaniuma kidole, na ana haki yake.

Machi 11

Leo nimejua kwa nini alinipa sindano.

Mgonjwa alikuwa mama mmoja mwenye mzizi uliovunjikia ndani ya ufizi. Kazi ya namna hiyo si yangu. Leseni yangu inaishia kwenye jino linaloonekana na kushikika kwa koleo. Kupasua ufizi na kukata mfupa ni kazi ya daktari, na imeandikwa hivyo wazi, bila mafumbo. Nikakaa pembeni na bomba la kuvuta mate. Daktari akaingiza kile kioo kidogo mdomoni mwa mgonjwa, na kioo kikaanza kugonga meno, ti ti ti, kama mtu anayebisha hodi kwa woga.

Akakitoa. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, “Baridi hii.” Hakukuwa na baridi.

Kisha akamwambia Bi Ufunguo amfunike mama yule macho kwa kitambaa, taa isimuumize. Bi Ufunguo hakuuliza kitu. Kitambaa alikuwa nacho tayari mfukoni, kimekunjwa vizuri. Daktari akasimama kichwani kwa mgonjwa, akanipa kisu kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia akautia ndani ya koti.

“Sasa mama,” akasema, “utasikia ninabonyeza.”

Nikabonyeza.

“Utasikia mlio wa mashine. Usishtuke.”

Nikakanyaga mashine.

Aliongea mwanzo hadi mwisho, maneno yake yakiitangulia mikono yangu kwa pumzi moja, nami sikuthubutu hata kukohoa. Mzizi ulitoka mzima. Mama yule alipofunuliwa macho alimkuta Daktari amemwinamia akitabasamu, mimi niko kwenye sinki naosha vyombo.

“Daktari, una mkono mwepesi,” alisema, mdomo umekwenda upande kwa ganzi.

Tulipobaki wawili nikamwambia, “Daktari, kupasua ufizi siruhusiwi.”

“Ulikuwa chini ya usimamizi. Si nilikuwepo?”

“Kusimamiwa ni kwa yaliyomo ndani ya leseni yangu.”

“Nani kakufundisha sheria?”

“Chuo ulichonisomesha.”

Akacheka, akanipiga begani kwa ule mkono wa kushoto. “Basi nimekusomesha kupita kiasi. Ni leo tu, mwanangu. Leo nimeamka vibaya.”

Niandike ukweli wote hapa, maana hakuna pengine pa kuuandika. Nilishuka ngazi nimevimba kichwa. Ufizi ulinifungukia vizuri, mzizi ukanitii. Nilitembea kwenye matope nikijiona daktari.

Machi 19

Ameamka vibaya tena. Kijana wa gereji, jino limelala ndani ya mfupa. Kitambaa, sauti, mikono.

Machi 27

Watatu wiki hii. Mvua haikatiki. Dukani chini wamepandisha majora ya vitambaa juu ya meza.

Nimegundua kwamba Daktari sasa hasemi tena kwamba ameamka vibaya. Anamtazama Bi Ufunguo, Bi Ufunguo anatoa kitambaa, basi. Mwanamke huyu simpendi. Anasimama mlangoni na funguo zake kama bwana jela, anahakikisha hakuna anayeingia, na mimi naona anahakikisha sitoki.

Aprili 3

Nimemwendea Mjomba nyumbani, nikaketi naye barazani wakati mvua imepumzika kidogo. Nilimwita Mjomba makusudi.

“Mjomba, nataka kuhamia kliniki nyingine nimalizie huko.”

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alijaribu kukunja gazeti, likamshinda, akaliacha mapajani.

“Ukihama,” akasema, “Baraza litataka barua yangu kwamba nimekuachia. Nitakuandikia, sikunyimi. Lakini watauliza kwa nini, na mwaka wako unaanza upya. Sheria ndiyo hiyo, si yangu. Na mimi utaniacha na nani?”

“Una wagonjwa wa kuwapeleka hospitali kubwa. Wale wa kupasuliwa wapeleke huko.”

“Niliwapeleka. Mwaka juzi nilipeleka wanne mfululizo, mkubwa wa pale akanipigia simu kwa utani: mwenzetu, umeacha kung'oa siku hizi? Utani wa mara ya pili unakuwa uchunguzi.” Akautoa mkono wa kulia, akauweka juu ya goti, tukautazama wote wawili ukicheza peke yake. “Ukiambiwa utoke kazini kwa kuwa umezeeka, unatoka na heshima. Ukiambiwa utoke kwa kuwa ulikuwa unawaficha watu hili, wanarudi nyuma kuhesabu kila taya uliloligusa.”

“Lakini sasa wanaoguswa ninawagusa mimi.”

“Na hujakosea hata mmoja,” akasema, kwa fahari kabisa, kama mzazi anayesifu matokeo ya mtihani. “Vumilia mvua hizi ziishe. Ukitiwa sahihi yako, na mimi nafunga.”

Aprili 4

Nilidhani Mama hajui. Tunaishi vyumba vya nyuma vya nyumba ya Mjomba tangu Baba afariki, na mke wa Mjomba alipofariki naye, Mama akawa ndiye mwenye jiko la nyumba nzima. Leo nikiwa nachambua mchele nilianza kwa mbali: nikasema Mjomba amechoka, nikasema afadhali apumzike.

Mama hakuinua macho. “Unadhani nani anamfunga vifungo vya shati kila asubuhi?”

Nikaendelea kuchambua mchele.

“Usinivunjie kaka,” akasema. “Alipotuchukua hakuuliza tutakaa mpaka lini.”

Nyumba yote basi inajua. Nilikuwa nadhani nimebeba siri, kumbe nimo ndani yake na wenzangu, na mlango wameufunga kwa upole.

Aprili 9

Umeme umekatika mchana kutwa. Hakuna kazi. Siku nzuri kuliko zote za msimu huu.

Aprili 14

Alikuja leo mtu ambaye kila mwenye harusi mjini anamjua. Anapiga tarumbeta kwenye bendi ya harusi. Humwoni sura, unaona mashavu tu. Ni mtu wa miaka arobaini hivi, mcheshi, na ingawa taya lilikuwa limemvimba upande mmoja alimtania Bi Ufunguo kwamba amekuja kuazima ufunguo mmoja. Hata Bi Ufunguo alitabasamu. Humu ndani nitamwita Bwana Tarumbeta.

Gego la mwisho, chini kulia, limelala kifudifudi. Nikapiga eksirei. Picha ilipotoka nikaipeleka dirishani kwenye mwanga nikaita, “Daktari, hebu tazama.”

Mizizi ilikuwa imekaa juu ya mfereji wa mshipa wa fahamu, ule unaopita ndani ya taya na kutokea kwenye mdomo wa chini. Haikuwa karibu nao tu. Imekaa juu yake, na ule mstari mweupe wa ukingo wa mfereji ulikuwa umefifia pale vilipogusana. Chuoni tulionyeshwa picha ya namna hii mara moja tu, na mwalimu akasema: ninyi mkiona hivi, kazi yenu ni kuandika barua ya kumpeleka mgonjwa mbele, kwa bingwa.

Nikamvuta Daktari chumba cha mapokezi. Nikasema kwa kunong'ona, “Huyu apelekwe hospitali kubwa. Anaishi kwa mdomo wake.”

“Wote wanaishi kwa midomo yao.”

“Mjomba.”

“Daktari.”

“Daktari, mshipa uko chini ya mzizi. Sijawahi.”

Alikwenda akaitazama picha tena, muda mrefu, nikaona anaiona. Simsingizii, aliiona. Kisha akasema, “Nimeng'oa mengi ya hivi. Ukilikata vipande viwili, ukavitoa kimoja kimoja bila kulazimisha, mshipa unabaki. Nitakuongoza hatua kwa hatua.”

Ningeweza kukataa. Nimekaa hapa jioni hii najaribu kukumbuka kama nilikataa, na sikukataa. Nilisema tu, “Siruhusiwi,” kwa sauti ya mtu anayeomba aambiwe anaruhusiwa. Bwana Tarumbeta akaita kutoka kwenye kiti: “Wakubwa, kama mnapanga mazishi yangu, Jumamosi nina harusi.” Daktari akacheka. Bi Ufunguo akatoa kitambaa.

Ilikwenda vizuri mwanzo. Ufizi, mfupa, nikalikata jino. Kipande cha mbele kikatoka. Daktari alikuwa anasema, “Sasa utasikia presha kidogo, bwana mkubwa, mimi nipo hapa,” nami natia presha. Kipande cha nyuma kikagoma. Nikamtazama Daktari. Alinionyesha kwa kidole cha kushoto: zungusha. Nikazungusha. Na chini ya ganzi yote ile Bwana Tarumbeta akashtuka mwili mzima, mguu ukapiga ubao wa kiti.

“Tulia, tulia,” ikasema sauti juu ya kichwa chake. “Limekwisha.”

Lilikuwa limekwisha kweli. Mzizi ulikuja na ncha yake, na kwenye ncha kulikuwa na mfuo mwembamba, kama alama ya uzi uliofungwa hapo miaka mingi. Nilijua ni nini kilichokuwa kimelala ndani ya mfuo ule.

Nikashona. Nikaenda kwenye sinki. Nikaosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha.

Aprili 16

Amepiga simu. Maumivu hana, anashukuru, ila ganzi ya mdomo haijaisha. Daktari amemwambia asubiri.

Aprili 18

Ganzi haijaisha.

Aprili 24

Amekuja mwenyewe, amelowa, na tarumbeta chini ya koti lake. Hatukumwomba. Alisimama katikati ya chumba cha mapokezi, akaiweka mdomoni, na kilichotoka ni hewa. Mate yakamtoka upande wa kulia yakamtiririkia shingoni, naye hakujua mpaka Bi Ufunguo alipompa karatasi ajifute.

“Hapa,” alijigusa kidevu, “nikijinyoa najikata sisikii. Daktari, itarudi lini?”

“Inaweza kuchukua miezi,” akasema Daktari.

“Na inaweza isirudi?”

Daktari akavua miwani. “Inaweza.”

Mimi nilikuwa nimesimama na trei mikononi. Bwana Tarumbeta hakunitazama hata mara moja, au ndivyo nilivyodhani.

Mei 3

Barua ya Baraza imefika. Bwana Tarumbeta ameshitaki. Tutaitwa mwishoni mwa mwezi, Daktari kama mshitakiwa, mimi na Bi Ufunguo kama tuliokuwepo.

Mjomba ameisoma mezani mbele yangu na Mama, akaikunja. “Nitasema nilifanya mimi,” akasema. “Kwa sababu nilifanya mimi. Mikono ilikuwa yako tu.”

Mama akaendelea kupakua.

Mei 4

Mvua tu.

Mei 8

Leo Bi Ufunguo amenisimamisha ngazini. Nilidhani amekuja kunionya nifunge mdomo, nikajiandaa kumjibu vibaya.

“Wewe ni wa pili,” akasema.

“Wa pili nini?”

“Kabla yako alikuwepo kijana mwingine, tabibu kama wewe. Mkono wa Daktari ulikuwa ndiyo kwanza umeanza kucheza. Nilimwambia yule kijana, kimbia, akakimbia, Daktari akasema nimemwibia mtoto wake. Akasema safari hii ataleta wa damu yake, ambaye sitaweza kumfukuza.” Alikuwa anazishika funguo zisilie. “Nilikaa kimya na wewe miezi yote hii nikitumaini utaniona mbaya, uchukie mahali hapa, uondoke mwenyewe.”

“Na kitambaa?”

“Kitambaa nilikileta mimi,” akasema. “Usiniulize zaidi. Nilikuwa nataka Daktari amalize vizuri.”

Nimemchukia mwanamke huyu msimu mzima. Sasa hata chuki ile imenitoka, na sijui niweke nini mahali pake.

Mei 15

Nimeamua. Nitaliambia Baraza kwamba ni mimi. Watanifutia leseni ya muda na sitaipata nyingine, najua. Lakini kabla ya kuwaambia wao lazima nimwambie mwenye mdomo.

Mei 16

Nyumba ya Bwana Tarumbeta iko nyuma ya kiwanda cha matofali. Niliruka madimbwi mpaka mlangoni. Mkewe alinikaribisha, akatuacha. Watoto walikuwa wanapigana na mto chumba cha pili.

Nilisema moja kwa moja, maana ningezunguka ningerudi nyumbani. “Aliyekung'oa jino si Daktari. Ni mimi. Siruhusiwi kufanya kazi ile, na nilijua siruhusiwi.”

Alikuwa anakunywa chai kwa upande wa kushoto wa mdomo, kikombe amekiinamisha kwa uangalifu, kitambaa chini ya kidevu. Akameza.

“Najua,” akasema.

Sikumwelewa.

“Daktari ana mkono kama koleo la mhunzi. Aliniziba jino nikiwa kijana, nusura mdomo unipasuke. Siku ile vidole vilivyoingia vilikuwa vyembamba. Nikajisemea, sauti ni ya mzee, vidole ni vya binti. Niliwaza mnasaidiana, ndiyo utaratibu wenu.”

“Basi nitasema hivyo mbele ya Baraza. Nawe utasema hivyo.”

Akaweka kikombe chini.

“Dada yangu, nisikilize. Mtu wa bima alikuja hapa, akakaa hapo ulipokaa. Daktari amekatiwa bima ya kazi yake. Akikosea yeye, mwenye leseni, Baraza likithibitisha, bima inanilipa. Nikamwuliza, je, ikiwa aliyekosea ni mtu asiyeruhusiwa? Nilimwuliza hivi hivi, kwa mfano. Akafunga mkoba wake. Akasema hapo bima haihusiki, mtafutane wenyewe mahakamani.” Alijifuta kidevu ingawa hakikuwa na kitu. “Mimi sipigi tena. Bendi imeshachukua mtu mwingine. Wewe ukisema ukweli utalala vizuri. Mimi nitalala vipi?”

“Unataka niseme uongo.”

“Nataka ujibu utakachoulizwa, kisha unyamaze. Siku ile si ulinyamaza vizuri?”

Hakuyasema kwa ukali. Ndiyo maana nimeshindwa kuyatoa masikioni.

Mkewe alirudi kuuliza kama nitaongezewa chai. Nikasema nimetosheka.

Mei 17

Mama kaniuliza mbona sili. Nikasema jino.

Mei 28

Chumba cha Baraza kina meza ndefu na madirisha yasiyofunguka. Walikuwa watano, mwenyekiti ni mwanamke mwenye sauti ya chini inayokufanya usogee mbele umsikie. Bwana Tarumbeta alikaa kulia na mkewe. Mimi na Bi Ufunguo tulikaa nyuma ya Mjomba. Niliona kola yake, Mama ameinyoosha kwa pasi ikasimama.

Bwana Tarumbeta aliulizwa anakumbuka nini. “Nilifunikwa macho,” akasema. “Nilimsikia Daktari akiongea tangu mwanzo hadi mwisho. Aliniambia nabonyeza, nikabonyezwa.” Kila neno lilikuwa kweli.

Mwenyekiti akamgeukia Mjomba. Akasema picha ilionyesha hatari waziwazi, daktari wa uzoefu wake alitakiwa kumpeleka mgonjwa mbele, kwa nini hakumpeleka? Na inawezekanaje mtu mwenye sifa ya mkono mwepesi mji mzima alazimishe mzizi namna ile? Nilimwona mmoja wa wajumbe akiegemea mbele kunitazama mimi. Alikuwa anaanza kuhesabu, mtu huyo. Tabibu kijana, daktari mzee.

Mjomba naye alimwona. Akasimama. Akautoa mkono wa kulia mfukoni, akauweka juu ya meza ndefu mbele yao wote, akauacha.

Kucha zake zikagonga mbao.

“Kwa mkono huu,” akasema. “Miaka miwili sasa. Nilijua, nikaficha, nikaendelea kung'oa. Siku ile ulinitoka. Huyu binti alinikataza, alitaka mgonjwa apelekwe mbele, sikumsikiliza. Yeye alishika taa.”

Nilikuwa nimeishi na mkono ule msimu mzima, na nilikuwa bado sijauona ukiwa wazi mbele ya watu. Aliuacha pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Jambo alilolificha kuliko yote ndilo alilowapa, na lilikuwa kweli, na alilitumia kufunika lingine.

Mwenyekiti akaniita. “Ni hivyo? Ulishika taa?”

Nikamtazama Bwana Tarumbeta. Alikuwa anatazama mikono yangu.

“Ndiyo,” nikasema.

“Na ulimwambia asifanye?”

“Ndiyo.”

Bi Ufunguo hakuulizwa chochote. Nje, tukiwa tumejibanza chini ya paa na mvua inapiga vigae, alisema, “Nilikuwa nimejiandaa. Usiku kucha nimejiandaa. Hakuna aliyetaka kujua mimi nimeona nini.” Mpaka sasa sijui kama alikuwa amejiandaa kusema kweli au uongo, na sina haki ya kumwuliza.

Mei 29

Nimejaribu kuandika kama Mjomba alifanya vile kwa ajili yangu au kwa ajili yake. Mtu aliyekosea kwa ugonjwa anapokonywa leseni. Mtu aliyemkabidhi mgonjwa kwa mtu asiyeruhusiwa, akamfunika mgonjwa macho, anaweza kufungwa. Naona yote mawili, na kila nikitaka kuchagua moja namkumbuka akisimama.

Juni 6

Uamuzi umetoka. Mjomba amepokonywa leseni daima. Uzembe umethibitishwa, kwa hiyo bima italipa. Mimi nimesifiwa, neno hilo hasa limo, nimesifiwa kwa kujaribu kumzuia daktari wangu, na Baraza limenihamishia hospitali kubwa nimalizie miezi iliyobaki bila kuanza upya.

Mama alilia kwa furaha, akaniombea dua. Mjomba alinipa mkono wa kushoto, akaniita Tabibu.

Nilikwenda chooni nikakaa mpaka walipoanza kuniita.

Juni 8

Bi Ufunguo amefunga kliniki. Bwana Tarumbeta ameanza kupiga ngoma kubwa kwenye bendi yake ileile, nimemwona kwa mbali. Anapiga vizuri. Uso wake hautazami watu.

Mvua zinapungua.

Juni 15

Hospitalini tunasimamiwa na daktari bingwa wa upasuaji, mwanamke kijana, pengine ananizidi miaka mitatu. Haongei sana, lakini akiongea anafundisha. Leo alikuwa na mgonjwa wa gego la mwisho, chini, limelala. Alibandika picha ukutani kwenye taa. Mizizi ilikuwa juu ya mshipa, na ule mstari mweupe umefifia.

Akanigeukia. “Umewahi kufanya hili?”

“Hapana.”

Nitalijibu swali hilo hivyo katika kila hospitali nitakayofanya kazi, kwa kila mtu, mpaka nistaafu.

“Vizuri, maana si kazi yako. Lakini shika taa uone, ili ujue kwa nini unawaleta kwetu.”

Nikashika taa, safari hii kweli. Macho ya mgonjwa yalikuwa wazi, ananitazama. Daktari akapasua ufizi, akakata mfupa kidogo tu, akalikata jino kwa ulalo, akakitoa kichwa chake. Nikasubiri aanze kazi ya mizizi. Hakuanza. Akasafisha, akachukua uzi.

“Na mizizi?” nikauliza.

“Nimeiacha.”

“Itakaa humo?”

“Itakaa humo. Mfupa utaifunika. Mizizi ikilala juu ya mshipa, unaondoa kichwa, unaacha mizizi, unashona. Mshipa haujaguswa. Wazee wengi hawakufundishwa njia hii, kwa hiyo wanang'oa yote.” Alikuwa anashona anapoongea, fundo dogo, halafu jingine.

Nikaitazama tena picha ukutani.

“Unafanya hivi hata kwa mgonjwa anayeishi kwa mdomo wake? Tuseme mwimbaji. Tuseme mpiga tarumbeta.”

Akakaza fundo. “Huyo hasa,” akasema.

Akakata uzi. Akamwambia mgonjwa ang'ate pamba.